Mtandao Usio na Waya kwa Mji Mzima: Mfano wa Karatu na Nyanda za Ngorongoro

Msafiri atokaye Arusha kwenda Ngorongoro hupita Makuyuni na Mto wa Mbu, kisha barabara hupanda ukuta wa Bonde la Ufa. Akifika juu hujikuta katika nchi ya udongo mwekundu, mashamba ya ngano, mahindi na kahawa, na baada ya mwendo mfupi huingia mji wa Karatu. Mbele yake huona safu ya milima iliyofunikwa na msitu, na mara nyingi na ukungu pia. Huko ndiko uliko ukingo wa kreta. Msafiri huyo, ikiwa ni mtalii, atalala katika hoteli ambamo simu yake itapata intaneti usiku kucha. Mkuu wa shule ya sekondari iliyo kilomita chache tu kutoka hoteli hiyo huenda akalazimika, asubuhi yake, kupanda gari kwenda mjini ili akawasajili watahiniwa wake, kwa kuwa usajili wa Baraza la Mitihani siku hizi hufanyika kwa njia ya mtandao. Kijana aliyemaliza Kidato cha Sita katika kijiji cha mbali zaidi naye anapaswa kuomba mkopo wa masomo kwa njia hiyo hiyo, na maombi yana siku ya mwisho.

Tofauti hiyo kati ya hoteli na shule ndiyo iliyonifanya niandike makala hii. Je, mji wa kadiri ya Karatu, pamoja na vijiji vinavyouzunguka, waweza kuwa na mtandao wake mmoja wa redio utakaozihudumia shule, zahanati, ofisi, maduka na nyumba za watu kwa pamoja? Wanafunzi wengi niliozungumza nao hujibu kwamba milima haitaruhusu. Milima ni kizuizi kidogo kuliko wanavyodhani, na pengine ni msaada. Kizuizi chenyewe kipo mahali pengine, nami nitakifikia baada ya kueleza kwanza jinsi wimbi linavyosafiri.

Wimbi na njia yake

Fikra ya kuunganisha kompyuta kwa redio si ngeni. Mwezi Juni mwaka 1971 Chuo Kikuu cha Hawaii kilianza kutumia mtandao ulioitwa ALOHAnet, ulioongozwa na Norman Abramson. Hawaii ni visiwa, na kuiunganisha kompyuta ya kisiwa kimoja na watumiaji wa visiwa vingine kwa simu za siku zile kulikuwa na gharama na usumbufu. Abramson na wenzake walizikata taarifa katika vipande vidogo, kila kipande kikiwa na anwani yake, wakavirusha hewani. Vipande viwili vikigongana, vyote viwili huharibika. Mtumaji asiyepata jibu husubiri kitambo kisichopangwa, kisha hutuma tena. Vifaa vya Wi-Fi vilivyomo leo katika maduka na ofisi za Karatu ni wajukuu wa wazo hilo. Kanuni zake za kimataifa, zijulikanazo kwa namba 802.11, zilitolewa mwaka 1997.

Mawimbi ya redio husafiri kwa mwendo wa nuru, yaani kilomita 300,000 kwa sekunde. Ukiugawa mwendo huo kwa masafa, yaani idadi ya mitetemo ya wimbi kwa sekunde moja, unapata urefu wa wimbi. Redio ya FM ya megahezi 100 ina wimbi la mita 3. Wi-Fi ya gigahezi 2.4 ina wimbi la sentimita 12.5, na ile ya gigahezi 5.8 ina wimbi la sentimita 5 na kidogo. Namba hizi si za kukariri tu. Wimbi la mita 3 hupita katikati ya matawi ya mti karibu kama kwamba mti haupo. Wimbi la sentimita 5 hukutana na majani na vijiti vya ukubwa wake wenyewe, tena vyenye maji ndani. Sehemu yake humezwa, na sehemu nyingine hutawanywa ovyo. Mstari mmoja wa miti ya kivuli kando ya shamba la kahawa waweza kuua mawasiliano ambayo kilomita kumi za hewa tupu hazikuyaathiri.

Hewa yenyewe haili nguvu nyingi za masafa haya. Nguvu hupungua kwa sababu wimbi hutanuka: umbali ukiwa mara mbili, nguvu inayopokelewa hubaki robo, ukiwa mara tatu, hubaki sehemu moja ya tisa. Mwanafunzi wa fizikia anaijua kanuni hii kutokana na somo la nuru. Dawa yake pia inatokana na nuru. Karabai huangaza pande zote na baada ya hatua hamsini huna faida nayo; tochi, kwa kuwa ina kioo cha kukusanya mwanga, humulika mbali kwa nguvu ndogo zaidi. Antena ya sahani ni kioo cha tochi. Redio ya wati moja au chini ya hapo, ikiwa na sahani nzuri pande zote mbili, huweza kuvuka makumi ya kilomita, mradi sahani hizo zionane.

Sharti la kuonana ndilo linaloifanya Karatu kuwa mahali pa pekee. Mji uko kwenye kimo cha mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, na ukingo wa kreta unapita mita 2,200. Tofauti hiyo ya mita 700, ambayo humchosha kila mwendesha baiskeli, ni zawadi kwa mtu wa redio. Mahali tambarare angelazimika kujenga mnara mrefu ili aione nchi. Hapa mnara umejengwa tayari na volkeno, na yeye anahitaji mlingoti mfupi tu wa kupita vilele vya miti.

Hata hivyo, kuonana kwa macho hakutoshi. Wimbi halipiti kati ya antena mbili kama uzi uliovutwa. Hupita kama kitu kilichovimba katikati na kuchongoka miisho, mfano wa muwa ambao ungekuwa mnene kiunoni. Uvimbe huo huitwa eneo la Fresnel, kwa jina la mwanafizikia wa Ufaransa aliyechunguza tabia za nuru mwanzoni mwa karne ya 19. Nusu-kipenyo chake katikati ya safari ni nusu ya kipeuo cha pili cha zao la urefu wa wimbi na umbali. Hebu tuchukue safari ya kilomita 16. Kwa wimbi la gigahezi 5.8 tunapata mita 14. Kwa gigahezi 2.4 tunapata mita 22. Mafundi hutaka angalau asilimia 60 ya nusu-kipenyo hicho iwe wazi, bila mti wala paa wala kichuguu. Na tukumbuke kwamba miti hukua. Kiungo kilichofungwa kwa shangwe mwaka huu, kikipita juu kidogo ya vilele vya mikaratusi michanga, huanza kulegea baada ya misimu mitatu, na mwenye shule hulaumu kampuni, kampuni hulaumu mvua, ilhali mshtakiwa amesimama shambani akiota.

Sasa tuitazame kreta. Sakafu yake iko mita 600 hivi chini ya ukingo, na upana wake ni karibu kilomita 19. Wengi hudhani kwamba antena iliyoko ukingoni huiona sakafu yote. Chora mchoro huu: mlingoti wa mita 20 umesimama mita 100 nyuma ya ukingo. Mstari utokao kileleni mwa mlingoti na kugusa ukingo unashuka mita 20 katika kila mita 100. Ili ushuke mita 600 zaidi, lazima usafiri mita 3,000. Kwa hiyo kilomita tatu za kwanza chini ya ukuta huo zimo kivulini, na ng'ambo ya mbali ya kreta, ambako mtu angetarajia hali mbaya zaidi, inapata mawasiliano mazuri. Sogeza mlingoti mpaka ukingoni kabisa, na kivuli hupungua sana. Hatua mia moja juu ya ukingo zina thamani ya kilomita tatu huko chini.

Ndani ya kreta hakuna makazi ya kudumu leo. Huko mawasiliano ni ya askari wa wanyamapori na madereva wa watalii. Wananchi wa hifadhi, ambayo ina eneo la kilomita za mraba zipatazo 8,292, wako kwingine, kama vile Endulen, Nainokanoka na Olbalbal. Endulen, penye hospitali, iko magharibi, na kati yake na Karatu umesimama mlima Oldeani. Hakuna antena ya Karatu iwezayo kuiona Endulen. Taarifa lazima ipande kwanza ukingoni, ipokewe, irushwe tena upande wa pili, na pengine ipokewe mara nyingine kabla ya kufika. Kila kituo cha kupokezana kinahitaji umeme wake, ulinzi wake na kibali chake, maana Ngorongoro ni urithi wa dunia tangu mwaka 1979 na mtu hawezi kusimamisha mlingoti popote apendapo bila athari zake kwa mazingira kupimwa. Zaidi ya hayo, tangu mwaka 2022 sehemu ya wakazi wa hifadhi wamehamia Msomera, wilayani Handeni. Mjadala wa uhamisho huo si wa makala hii, ila mpangaji wa mtandao hawezi kuufumbia macho: vituo hupangwa kwa kuhesabu watu, na hesabu ya watu ikiwa haina uhakika, hakuna atakayetoa fedha za kituo.

Hewa moja, wasemaji wengi

Waya ni njia ya mtu mmoja. Hewa ni baraza. Katika baraza wote wanasikia, kwa hiyo anaposema mmoja wengine hunyamaza. Vifaa vya Wi-Fi hufanya hivyo hivyo: kila kimoja husikiliza kwanza, kikikuta kimya husema, kikikuta mwenzake anasema husubiri. Utaratibu huu ni mzuri watu wakiwa chumba kimoja. Katika mji wa vilima huzuka shida. Tuseme shule mbili ziko pande mbili za kilima, na zote mbili zinaiona antena ya mjini iliyo juu ya kilima hicho, lakini haziwezi kusikiana. Ya kwanza inasikiliza, inakuta kimya, inasema. Ya pili nayo inasikiliza, inakuta kimya, inasema. Antena ya mjini inasikia wawili kwa pamoja na haiambui neno. Shule zote mbili hurudia, na hurudia tena. Mwalimu huona ishara ya mtandao imejaa kabisa kwenye kioo cha kompyuta, na ukurasa haufunguki. Ishara kujaa ni habari ya nguvu ya wimbi. Haisemi lolote kuhusu zamu ya kusema. Dawa ni kuifanya antena ya mjini iwe mwenyekiti, agawaye zamu kwa kila shule, na vifaa vya aina hiyo vipo.

Shida ya pili ni ya kupokezana. Kituo chenye redio moja hakiwezi kusikia na kusema wakati ule ule kwenye masafa yale yale. Kila hatua ya kupokezana kwa njia hiyo hupunguza kasi kwa karibu nusu. Kasi ya megabiti 40 kwa sekunde hubaki 20 baada ya hatua moja, 10 baada ya mbili, 5 baada ya tatu. Hii ndiyo sababu mitandao iliyojengwa kwa kurundika vifaa vya bei rahisi, kila kimoja kikipokea kwa jirani yake, hupendeza kwenye karatasi na kuchosha mitaani.

Masafa ya chini yana fadhila yake. Televisheni ya analojia ilipozimwa nchini, kuanzia Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, nafasi zilibaki katika masafa ya televisheni. Wimbi la megahezi 600 lina urefu wa sentimita 50, na hupita majani na kuzunguka vilima vizuri kuliko lile la Wi-Fi. Kondoa, mkoani Dodoma, wilaya ya vilima na vijiji vilivyotawanyika, ilikuwa mahali pa jaribio la namna hiyo katika nusu ya pili ya miaka ya 2010: wahadhiri wa Chuo Kikuu cha Dodoma, wakisaidiwa na Internet Society, walianzisha mtandao wa jamii wa Kondoa na kuyatumia masafa hayo yaliyo wazi. Kwa vijiji vya Mbulumbulu au vya bonde la Eyasi mfano huo unafaa kuchunguzwa. Fadhila hiyo ina bei yake: uchochoro mmoja wa televisheni ni mwembamba, na taarifa zinazopita humo kwa sekunde ni chache kuliko zinazopita katika uchochoro mpana wa gigahezi 5.

Kilicho nyuma ya antena

Nilipokuwa masomoni ughaibuni, gumzo la miji yenye mtandao wa bure wa redio lilikuwa limevuma, na lilikuwa limeanza kufifia. Mji wa Philadelphia nchini Marekani ulitangaza mwaka 2004 kwamba utajifunika wote kwa Wi-Fi, na kampuni ya EarthLink ikaingia mkataba wa kuujenga. Mwaka 2008 kampuni hiyo ilijitoa. Mawimbi hayakupenya kuta za nyumba kama ilivyotarajiwa, antena zilizohitajika zikawa nyingi kuliko makisio, na waliokubali kulipa wakawa wachache. Ni mji tajiri, wenye nguzo ya umeme kila kona na mafundi tele. Walioandika wakati ule walilaumu masafa. Mimi naona kosa la kwanza lilikuwa kuanza na hewa kabla ya kuuliza mtandao huo utatumikia kazi gani na nani atautunza.

Kwa Karatu swali la kwanza ni la kiungo cha nje. Mtandao wa mji ni kama mabomba ya maji ya mji: haumuumbi mtu maji, humgawia yaliyofika. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, ulioanza kujengwa mwaka 2009, unapita Arusha. Maji ya Karatu, kwa mfano wetu, hutoka huko. Tuseme mji umekodi kiungo cha megabiti 100 kwa sekunde, na watu 200 wanakitumia kwa wakati mmoja. Kila mmoja anapata nusu megabiti, hata kama antena ya mtaani kwake ina uwezo wa mia tatu. Kuongeza antena hakuongezi hata tone.

Kuna njia ya kupunguza kiu hiyo, nayo hupuuzwa mno. Taasisi ya Elimu Tanzania huweka vitabu vya kiada kwenye maktaba yake mtandaoni. Chukua kitabu cha megabaiti 20, yaani megabiti 160, na darasa la wanafunzi 40 katika shule yenye kiungo cha nje cha megabiti 2 kwa sekunde. Kila mwanafunzi akikivuta peke yake, darasa zima litahitaji sekunde 3,200, karibu dakika 53, kipindi kimekwisha. Kitabu kikivutwa mara moja na kuhifadhiwa katika kompyuta ya shule au ya mji, kisha kikasambazwa ndani kwa megabiti 40, kazi yote ni sekunde 80 za kukileta na sekunde 160 za kukigawa. Jumla ni dakika 4. Mtandao wa mji una faida kubwa kwa taarifa zisizohitaji kutoka nje ya mji: vitabu, mitihani ya majaribio ya wilaya, kumbukumbu za zahanati, matangazo ya halmashauri. Arusha imekuwa na kituo chake cha kubadilishana taarifa kati ya watoa huduma, ili barua ya mtaa mmoja isiende ng'ambo na kurudi ndipo ifike mtaa wa pili. Karatu inaweza kuiga wazo hilo kwa kiasi chake.

Vile vile si kila haja ya maendeleo inahitaji njia pana. Mkulima wa vitunguu wa Mang'ola anayetaka kujua bei ya Arusha anahitaji ujumbe mfupi wa herufi zisizozidi 160, na simu ya kawaida inamtosha. Picha ya eksirei ya megabaiti 10, ambayo daktari wa Endulen angependa itazamwe na bingwa aliye mbali, ni jambo jingine: kwa nusu megabiti kwa sekunde itachukua sekunde 160 ikiwa hakuna anayeingilia kati, na haitafika kabisa ikiwa kiungo hukatika kila dakika mbili na kuanza upya. Nimeona mipango ya mitandao iliyoandikwa kwa jina la mkulima ambayo faida yake yote ingemwendea mwenye hoteli. Sina ugomvi na mwenye hoteli. Yeye ndiye awezaye kulipa bei kamili kila mwezi, mvua na kiangazi, na bila mteja wa namna hiyo shule haitapata huduma ya bei nafuu kwa muda mrefu. Ninachotaka ni kwamba mkataba uyaseme mambo hayo waziwazi: hoteli italipa kiasi gani, na kiasi gani cha njia kimetengwa kwa shule na hospitali saa za kazi.

Mfano wa karibu tunao, upande wa pili wa mbuga ya Serengeti. Katika nusu ya pili ya miaka ya 2000 mradi wa ICT4RD, chini ya Taasisi ya Teknolojia ya Dar es Salaam na Tume ya Sayansi na Teknolojia, ukishirikiana na chuo kikuu cha KTH cha Stockholm kwa msaada wa Uswidi, ulijenga mtandao katika wilaya za Bunda na Serengeti mkoani Mara. Haukuanza na antena. Ulianza kwa kuuliza ni nyuzi gani za nuru zilizokwisha kutandikwa na hazitumiki, ukagundua kwamba TANESCO ilikuwa nazo kwenye njia zake za umeme. Nyuzi hizo zikawa uti wa mgongo, na redio ikatumiwa kufikisha huduma pembeni, mahali ambapo waya haukufika. Mmoja wa watafiti wake, Amos Nungu, ambaye baadaye aliiongoza Tume hiyo, aliandika pamoja na wenzake juu ya jambo lililowasumbua kuliko ufundi wenyewe: namna ya kuuacha mtandao mikononi mwa wenyeji ukiwa na uwezo wa kujilipia.

Jambo hilo nililiona kwa macho yangu. Miaka michache iliyopita nilitembelea shule moja ya sekondari katika nyanda hizi. Juu ya paa la maabara palikuwa na sahani nzuri, imeelekezwa sawasawa, na nyuma yake ndege walikuwa wamejenga kiota. Mtandao ulikuwa umekufa kwa miaka mitatu. Nilipanda ngazi pamoja na mwalimu wa fizikia, tukafuata waya mpaka kwenye kisanduku cha umeme, tukakuta kidhibiti chaji kimeungua. Ni kifaa ambacho bei yake haizidi sana nauli ya mwalimu mmoja ya kwenda Arusha na kurudi. Kilichoizuia shule kukinunua ni kwamba hakuna aliyejua kuwa kilichokufa ni hicho, na aliyefunga mitambo aliondoka na maneno ya siri ya kuifungulia. Wale wanafunzi wa Kidato cha Kwanza walioishangilia sahani ilipopandishwa walifanya mtihani wa Kidato cha Nne bila kuitumia hata muhula mmoja mzima.

Hesabu ya umeme wa kituo kidogo ni rahisi, na mwanafunzi yeyote anaweza kuifanya. Redio na ruta pamoja hula wati 20. Usiku wa saa 12 ni wati-saa 240. Betri ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200, lakini betri ya asidi na risasi isishushwe chini ya nusu ikiwa inatakiwa kudumu, kwa hiyo zinazotumika ni 600. Inatosha usiku mmoja, na mchana mmoja wa ukungu, na sehemu ya usiku wa pili. Kwenye ukingo wa kreta, ambako ukungu waweza kukaa siku kadhaa, haitoshi. Huko panahitajika betri tatu au zaidi, na paneli za jua kubwa kuliko zile ambazo muuzaji wa Dar es Salaam atakushauri. Kisha kuna radi. Mlingoti ulio juu ya kilima ndio wa kwanza kuitwa, na bila waya mnene wa kuupeleka umeme huo ardhini, msimu mmoja wa mvua unatosha kumaliza kazi yote.

Sheria pia isisahauliwe. Masafa ya gigahezi 2.4 na 5 yako wazi kwa watu wengi, lakini kumuuzia jirani huduma ya intaneti ni biashara inayohitaji leseni ya TCRA chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2006, upo kwa ajili ya sehemu ambazo biashara peke yake haifiki. Halmashauri, shule au chama cha ushirika kinachofikiria mtandao wake kianze kwa kubisha katika milango hiyo miwili, kabla ya kununua hata mita moja ya waya.

Zoezi kwa madarasa

Walimu wa fizikia na jiografia wa Karatu, na wa mahali pengine penye vilima, wanaweza kuifanya kazi ya kwanza ya mpangaji wa mtandao darasani bila kompyuta. Chukueni ramani ya wilaya yenu ya kipimo cha 1:50,000, ile itumikayo kufundishia usomaji wa ramani. Tieni alama shuleni kwenu, na alama nyingine mahali penye mnara wa simu au ofisi ya wilaya. Unganisheni alama hizo kwa mstari, mkasome kila kontua inayokatwa na mstari huo, kisha mchore mkato wa nchi kwenye karatasi ya grafu. Ongezeni mita 15 kwa miti mahali penye msitu. Pigeni mstari kutoka antena hadi antena, na chini yake mchore uvimbe wa Fresnel kwa kanuni niliyoitoa hapo juu. Umbali ukizidi kilomita 10, ongezeni pia mwinuko unaotokana na mviringo wa dunia: kwa kilomita 16 ni karibu mita 4 katikati ya safari.

Ikiwa uvimbe umegusa kilima, tafuteni shule ya tatu inayoziona zote mbili. Kisha pandeni kilima chenyewe siku isiyo na ukungu, mkiwa na kioo cha mkononi, na mwenzenu abaki upande wa pili akitazama mng'ao wa jua. Asipouona, rudini kwenye grafu mtafute mti ambao haumo katika ramani.